Mbwa Ambaye Mshairi Hakuwa Naye

"Chanzo kiko wapi?" nikaandika chini ya blogu ya Alban, nikajiona mjanja.

Kila mwanafunzi wa darasa letu alipangiwa blogu ya mwenzake aikosoe hadharani, na mkosi ukaniangukia mimi. Nilipewa ya Alban, mwanaume niliyemwacha kabla ya Krismasi. Wenzetu walikwisha kummwagia sifa. Mmoja alisema anaandika kama mtu aliyekuwepo. Mimi sikutaka kuonekana bado namtetea, kwa hiyo nilitafuta kosa kwa tochi.

Nikalipata. Alban alikuwa anasimulia siku ya mwisho ya Ambrose Thirle, mshairi wa karne mbili zilizopita, aliyekataliwa na mchumba akaenda ziwani asirudi. Asubuhi hiyo, aliandika, Thirle alimpeleka mbwa wake kwa mama mwenye nyumba, akamwachia na blanketi lake. Maneno matamu kweli, ila Thirle hakuwahi kufuga mbwa. Aliwaogopa, na kila aliyesoma maisha yake anajua hivyo.

Simu ikatetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa Alban, baada ya kimya kirefu.

"Umesoma vizuri kuliko wote, Verity. Hilo la mbwa halimo kwenye kitabu chochote."

Nikaisoma tena ile aya ya mbwa. Thirle hakuwa na mbwa. Alban alikuwa naye, Bramble.

Nikampigia, hakupokea. Nikampigia Bi Mossop, mama mwenye nyumba wake.

"Bi Mossop, Bramble yuko wapi?"

"Yupo hapa jikoni kwangu, mwanangu. Alban kamleta asubuhi na blanketi lake. Anasema anasafiri, ila hata begi sikumwona nalo."

Nilimwomba awapigie polisi, awaambie waende ziwani, kwenye gati ambako Thirle alizama. Mimi nikashika baiskeli. Ukungu ulikuwa umeshuka milimani na barabara haikuwa na mtu, na njia nzima nilikuwa najilaumu kwa lile swali langu la kijeuri.

Nilimkuta amekaa mwisho wa gati, koti limekunjwa kando kama nguo za mtu anayeoga.

"Usisogee, Verity."

"Nasogea. Nina baridi na nimechoka kuendesha."

Nikakaa bega kwa bega naye. Hakunitazama.

"Umekuja kwa huruma," akasema.

"Huruma ningewaachia polisi, na wako njiani. Mimi nakupenda, we mjinga. Nilikuacha kwa sababu nilichoka kugombania mwanaume na maiti. Kila nikikuuliza una nini, unanijibu kwa shairi la Thirle."

"Sikujua nisemeje."

"Sema ovyo ovyo tu. Bila Thirle."

Aliyatazama maji, kisha akanigeukia.

"Sitaki kufa, Verity. Nimechoka na kichwa changu. Hakininyamazii hata nikilala."

Akalia kwa sauti, kama watoto wanavyolia. Nikamvika koti lake, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, maana bado nilikuwa siyaamini yale maji. Tukakaa hivyo mpaka taa za polisi zikatokea kwenye ukungu.

"Tutarudiana?" akauliza tulipokuwa tunainuka.

"Kwanza hospitali, leo hii. Nitakaa nawe mpaka daktari akuone. Hilo lingine uniulize ukiwa unalala vizuri."

Sikusema hivyo kwa kumringia. Niliogopa asije akanishika mimi badala ya dawa.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Zilikuwepo siku alizokataa kuamka, na siku nilizomkasirikia kisha nikajuta. Lakini alikwenda kwa daktari kila alipoitwa, na akajifunza kuniambia, "Leo vibaya," basi, bila mapambo.

Aliniuliza mwezi wa nne, tukiwa kwenye foleni ya samaki na chipsi, watu mbele na nyuma yetu, mvua inatunyeshea.

"Nalala vizuri siku hizi," akaanza.

Nikamjibu ndiyo kabla hajafika kwenye swali.