Droo ya Kando ya Kitanda

Hebu niambie, wewe kwenye droo ya kando ya kitanda chako umeweka nini? Usione haya. Hilo ndilo swali ambalo mpiga chapa mmoja alimwuliza mwanamume asiyemjua, kwenye foleni ya posta, Jumatatu asubuhi, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti.

Siku hiyo alivaa gauni la manjano lenye mkanda mweupe, mkononi ana bahasha za shangazi yake, mwenye ofisi ya kupiga chapa ng'ambo ya barabara. Feni ikapeperusha karatasi za mwanamume aliyemtangulia, zikatapakaa chini ya viatu vya watu. Mpiga chapa akainama kusaidia, na kwa mazoea ya kazi macho yakasoma kabla mikono haijaokota: "Akavuta droo ya kando ya kitanda, akachomoa bastola."

"Kaka, samahani. Droo yako wewe ina nini?"

Mwanamume akakuna kidevu. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ila lilikosa kifungo kimoja. "Mshumaa. Dawa ya kikohozi. Na vifungo."

"Vifungo unavyo, na kifua kiko nje!"

Foleni nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Alikuwa karani wa bohari. Jioni aliandika hadithi za majambazi. Kesho yake akaleta mswada upigwe chapa, na keshokutwa akaja kuuliza umefika wapi, ingawa alijua fika haujafika popote. Shangazi akambandika jina: Bwana Bastola. Hajawahi hata kuigusa, maskini.

"Mbona watu wako wote wanaishi ughaibuni, kwenye theluji?" mpiga chapa alimwuliza siku moja, walipokwisha kuzoeana, vidole vikiendelea kugonga. "Umewahi kuiona?"

"Ndani ya friji ya bucha."

"Basi walete hapa mtaani."

"Hapa watapigana kwa silaha gani, mpenzi? Mwenye bunduki ni askari wa benki peke yake, na huyo anaiegemea kama mkongojo. Jambazi akiingia nyumbani kwa shujaa, itakuwaje?"

"Atapiga kelele, majirani watakuja."

"Kisa kimeisha ukurasa wa tatu! Kule bunduki iko nyumbani kama mwiko wa ugali. Ndiyo maana hadithi za hatari zote hukimbilia huko."

"Na hii sura ya tisa, ya mafuriko? Maji nayo yanapigwa risasi?"

"Kule maji yakipanda, jirani humlenga jirani asimnyang'anye chakula."

Mpiga chapa akabadilisha karatasi. Alikumbuka mwaka ule maji yalipofika madirishani, askari wa benki akatumbukiza bunduki yake kupima kina ili akina mama wavuke. Lakini siyo hilo lililomkaa rohoni. Alijua Bwana Bastola ameomba kazi huko huko kwenye theluji. Mtu ambaye mawazo yake yamehama, miguu itakaa?

Sasa, ofisi ile ilikuwa na sifa moja: mteja akileta barua yenye maneno yaliyopinda, hunyooshwa wakati wa kupigwa chapa, bila kuulizwa. Mpiga chapa alipofika sura ya tisa, vidole vikanyoosha. Theluji ikawa mvua. Mji ukawa mtaa wao. Bastola ikawa kamba ya kuanikia nguo, na majirani wakashikana kuvuka. Bwana Bastola, mbio mbio posta isifungwe, akautia mswada ndani ya bahasha ya mchapishaji bila kusoma.

Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Haloo, laazizi!"

"Usiniite laazizi. Mchapishaji amenipigia, anacheka mpaka anakohoa. Sura ya nane shujaa anakanyaga theluji, sura ya tisa anaazima kamba kwa mama wa ghorofa ya chini! Ulitaka nini hasa?"

Jibu lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Shangazi alikuwa anasikiliza, wateja watatu wanasikiliza. "Nili… nilinyoosha tu," akasema.

Simu ikakatwa. Mwezi haukuisha, naye akaenda zake ughaibuni.

Miaka saba hiyo. Shangazi alistaafu, kompyuta zikaingia, ila mashine ya zamani ilibaki karibu na dirisha, na mpiga chapa aliifuta vumbi kila asubuhi. Kuna mambo mkono hauachi.

Mchana mmoja wa mvua, mlangoni akasimama mwanamume aliyelowa. Shati lake lilikuwa na vifungo vyote, kimoja cha rangi tofauti.

"Umejifunza kushona," mpiga chapa akasema.

"Vibaya, kama unavyoona." Akaweka bunda la karatasi mezani. "Kule nilipanga chumba. Mwenye nyumba alikuwa nayo kweli, kwenye droo. Nikichelewa kurudi, napiga mluzi ngazi nzima asije akanidhania mwizi. Kuandika hadithi ya bastola kukanishinda kabisa. Nilichosoma miaka yote ni sura yako ya tisa."

"Ile iliyofanya watu wakucheke?"

"Ile ile. Hii sasa ni hadithi nzima, hapa hapa mtaani. Askari wa benki yumo, anapima maji. Lakini imenikwama mwishoni. Kuna mwanamke anaulizwa kwenye simu alitaka nini, naye hajibu. Nimeandika mara kumi, inapinda." Akasukuma karatasi ya mwisho. "Ninyooshee."

Mpiga chapa akaitia karatasi kwenye mashine ya zamani, akazungusha roli, akaweka vidole. Nje maji yalikuwa yanatiririka mtaroni. Hakugonga hata herufi. Akaondoa mikono, akageuza kiti, akamtazama usoni.

"Nilitaka ubaki," akasema.