Anwani ya Kwanza Ina Mwenyewe

Programu ilianza kwa kusema neno ambalo hakuna aliyeiandikia.

Sylivia alikuwa kwenye chumba chake cha kazi pale Bwera, juu ya duka la vitenge, akijaribu kitu alichowatengenezea mabwana wa Kasese wanaounganisha shule na zahanati kwenye mtandao. Kazi yenyewe haikuwa na la kutisha. Unaiandikia programu anwani ya kompyuta, yaani zile namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, nayo inakagua: hakuna namba iliyozidi 255, hakuna herufi iliyojipenyeza, hakuna nukta iliyosahauliwa. Ikiridhika, inapiga hesabu ya mtandao mzima, inakutajia anwani ya kwanza na ya mwisho, na ni mashine ngapi zinaweza kukaa katikati. Ile ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, haipewi mashine yoyote. Mafundi wavivu huisahau sheria hiyo kila siku, ndiyo maana Sylivia aliiwekea programu yake onyo.

Mchana huo aliandika anwani ya kwanza makusudi, alione onyo lake. Kioo kikamjibu: Hii haipewi mashine. Chini yake kulikuwa na maneno mengine: Ina mwenyewe.

Alicheka kidogo, akidhani ni uchovu. Akapekua alichokiandika mstari kwa mstari. Maneno hayo hayakuwemo. Akajaribu tena, yakatokea tena, na safari hii chumba kikanuka maziwa yaliyochacha, na udongo mbichi kama uliofukuliwa asubuhi hiyo.

"Masika," alimwita bintiye, aliyekuwa akichezea vifuniko vya soda karibu na mlango. "Umemwaga maziwa?"

"Hapana, mama," akajibu mtoto. Na kutoka ndani ya kabati la chuma, pale nyaya zote zilipokutana, kitu kingine kikaitikia polepole, kwa sauti ya mtu anayejifunza kutumia mdomo: "Maa."

Tangu hapo kila lilipoitwa jina hilo waliitika wawili. Baadaye yule wa kabatini akawa mwepesi zaidi, na mtoto akawa hasikii tena akiitwa, anakodoa tu macho, vidole vimepoa. Sylivia aliujua ugonjwa huo kwa mashine. Zipe mashine mbili anwani moja, zitasukumana hadi moja itolewe nje ya mtandao. Aliujua, na kuujua hakukumfaa kitu. Aliacha kulitamka jina. Lakini nani angemnyamazisha Yunia, mama mkwe wake, aliyelipaza jina la mjukuu huyo uani kutwa kama anayenadi bidhaa?

"Masika! Masika!" aliita bibi siku ya soko, na mtoto aliyekuwa akipanda ngazi na kikombe chake cha uji akasimama, akageuza kichwa kana kwamba ameitwa mtu aliye nyuma yake, na kule juu kabati likatikisika na kitu ndani yake kikaitika kwa furaha, sasa kwa sauti ileile ya mtoto, bila kosa hata moja, na kikombe kikaanguka, na mtoto akafuata, na Sylivia alipomfikia alimkuta macho wazi, pumzi nyembamba, mwili baridi, ananuka udongo.

Aliyekuja mbio ni Anastasie, mwenye duka la chini, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Jumapili alikaa mbele kanisani, siku nyingine watu walimfuata kwa mambo ya namna hii. Alimnusa mtoto utosini.

"Mutoto huyu iko baridi sana," alinong'ona. "Mama Masika, mbele ya huyu ulizalaka mwingine?"

"Hapana," Yunia akadakia. "Hii ndio ya kwanza."

Sylivia alimtazama mama mkwe wake. "Nilizaa," alisema. "Msichana. Hakuvuta pumzi."

Kwa Wakonzo, kabila lao, jina la mtoto ni hesabu. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na kifo hakimwondoi mtu kwenye nafasi yake. Hata walevi wanalijua hilo. Lakini Yunia mwenyewe alikuwa Masika, na alitaka wajina wa kwenda naye kanisani, si kaburi dogo nyuma ya migomba kijijini Karambi. "Mutoto yenye haipumui hatuhesabu. Tuanze upya," alisema siku mtoto wa pili alipozaliwa. Na Sylivia, anayeweza kupiga hesabu ya mtandao wa wilaya nzima, alikubali kuruka mmoja.

"Mulimunyanganyaka jina," Anastasie alisema. "Huyu ni Biira. Mama muzee, ni wewe ulibeba, ni wewe utarudisha. Twende ku kaburi. Utasema: Masika, bakia hapa, jina ni yako. Kisha utaita Biira arudie nyumbani. Usichanganye."

"Nitasema," Yunia alijibu bila kumtazama mtu.

Walifika Karambi jua likiwaka, watu wakipalilia kahawa. Nyuma ya migomba ardhi ilikuwa imedidimia, inanuka maziwa. Yunia akasimama hapo, akaangalia chini, akamwangalia mtoto aliyelegea kwenye mapaja ya mama yake, na kiburi chake chote, na mapenzi yake pia, maana alimpenda kwelikweli, vikamtoka kwa jina alilolizoea.

"Masika," alilia. "Masika wangu, rudi nyumbani."

Anastasie akajishika mdomo. "Umeita nani?"

"Mjukuu wangu."

Mikono ya mtoto ikapata joto. Akafumba macho, akayafumbua, kisha akalia. Hakulia kama mtoto anayejua kujifunga viatu. Alilia bila neno, kidevu kikitetemeka, ngumi zimekunjwa, kilio cha kiumbe kilichotolewa tumboni sasa hivi.

"Mnaona?" Yunia alisema, machozi yakimtiririka. "Amepona."

"Biira," Sylivia aliita kwa sauti ndogo. Akainamia ardhi, akaita tena. Akaita kuelekea migombani. Biira hakurudi. Hakuwahi hata siku moja kumwita mwanawe kwa jina hilo. Angejuaje kwamba anaitwa yeye?

Yule aliyekuwa mapajani hakujua kukaa wala kukaza shingo. Alitafuta kifua kwa mdomo wazi, na maziwa ya Sylivia, yaliyokauka zamani, yakalowesha gauni. Sylivia alimchukia. Alitaka kumweka chini na kukimbia. Lakini huyu naye alimzaa yeye, na alikuwa na njaa ya miaka yote ile.

Akafungua vifungo. "Nyonya," alimwambia, huku akimlilia mwingine.