Dakika Tatu za Turbo

Mimi sikuwepo, lakini Mwijage hajawahi kunidanganya. Ni fundi wa magari hapa Rwamishenye. Mwaka 1999, mwaka ambao tulizika karibu kila wiki, alikuwa anarekebisha gari la turbo la marehemu Ildefons. Aliunganisha kompyuta ndogo kwenye injini ili irekodi mizunguko na jinsi mafuta yanavyokanyagwa, kisha yeye na mjane, Felicitas, wakalijaribu gari hadi Ijumbi kwa mama mkwe wake, mama mzazi wa Ildefons.

Walipofika tu, Mwijage akazima injini, akatia ufunguo mfukoni.

“Ildefons hakuwa anazima hivyo,” Felicitas alisema. “Alikuwa anaiacha ingurume dakika tatu turbo ipoe, halafu anakanyaga mafuta mara mbili. Mama akisikia, anakwenda kumfungulia.”

Mwijage aliona aibu, maana fundi ni yeye.

Ndani mlikuwa na giza la migomba iliyoizunguka nyumba. Walitafuna kahawa kavu ya kukaribishia wageni huku mvua ikipiga mabati, wala hawakusikia kingine. Ghafla mama akainua kichwa, akaenda kufungua mlango. Nje hapakuwa na mtu. Alisimama pale kidogo, kisha akaurudisha taratibu, kama anayemfungia mtu aliyekwisha kuingia.

Jioni, gerejini, Mwijage alifungua rekodi. Kompyuta, iliyobaki garini, ilikuwa imeendelea kurekodi kwa betri yake. Mstari wa injini ulishuka hadi sifuri, pale alipozima. Baadaye kidogo ukapanda tena, ukatulia dakika tatu kamili.

Halafu mstari wa mafuta ukaruka mara mbili.