Gari la Mwisho Regensburg

Stesheni ya Regensburg, kusini mwa Ujerumani, ilifurika watu Jumamosi ile, na kwenye dirisha la magari ya kukodi mikono miwili iliudaka ufunguo mmoja.

"Samahani kaka, nimefika kwanza," alisema Wiebke, mwanamke wa Husum, kaskazini kabisa, aliyekuja likizo kutembelea mji wa kale. Koti lake la njano liling'aa kama kiini cha yai.

"Umefika kwanza, na mguu wako uko juu ya wangu?" alijibu Korbinian, barobaro mrefu aliyevaa kaptula ya ngozi na soksi zilizofika magotini.

"Limebaki hilo moja tu," mhudumu akawakata kauli. "Pandeni pamoja au nendeni kwa miguu."

Wakapatana: Korbinian aendeshe, ampitie mtu mmoja mjini, kisha amwachie Wiebke gari.

"Nimezaliwa humu, dada. Vichochoro hivi navijua hata nikifumba macho."

"Basi yafumbue, kuta zinatukaribia!"

Krrrr! Gari likabanwa kushoto na kulia, milango haifunguki. Wiebke alicheka hadi machozi yakamtoka. Korbinian naye akacheka, wakatazamana kidogo zaidi ya ilivyopasa.

Simu ikalia, sauti ya mama yake ikajaa garini. "Korbi! Bibi harusi keshavaa shela anakusubiri! Uko wapi?"

Kicheko kilimkauka Wiebke. "Hongera, bwana harusi," alisema, akapanda juu ya viti na kutokea kwenye buti. Wanywaji bia wa kichochoroni wakampigia makofi. Alikwenda moja kwa moja hadi Daraja la Mawe. Moyo ulimuuma kwa mwanamume aliyemjua muda mfupi tu, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Korbinian alimfikia akihema. "Wiebke! Ni wa kaka yangu!"

"Nini cha kaka yako?"

"Bibi harusi! Mimi ni dereva tu!"

"Wewe, dereva? Huo nao ni uongo mwingine."

Lakini Wiebke alikuwa anatabasamu. "Twende, nitalitoa mimi. Kwetu naendesha trekta la baba na tela nyuma."

Akalitoa gari kwa rivasi, taratibu, wanywaji bia wakiimba. Wakampakia bibi harusi, Annelies, shela lake likajaza kiti chote cha nyuma.

"Nyinyi mmeoana lini?" Annelies aliuliza. "Mnagombana vizuri mno."

Korbinian akawa mwekundu. "Hajanikubali."

"Hujaniomba!"

"Haya, naomba sasa."

"Tazama barabara uniambie kanisa liko wapi! Utaniomba nikishakuona unavyocheza muziki."

Jioni hiyo, harusini, Korbinian alicheza vibaya ajabu, akamkanyaga hata padri. Hata hivyo, likizo ilipokwisha, treni ya Husum iliwabeba wawili. Korbinian, kijasho chembamba kikimtoka, alirudia-rudia salamu ya watu wa kaskazini, na Wiebke akimsahihisha, asije akajiaibisha mbele ya baba mkwe.