Kadi ya Mwaka na Karatasi ya Zawadi

Fundi wa kufuli hakuwa mtu wa kuamini haraka. Kwa miaka thelathini na tano alikuwa amefungua milango iliyowashinda wenyewe, na kila mlango ulimfundisha jambo lile lile: kinachoonekana imara huenda kina upenyo. Akinunua sukari, aliipima tena nyumbani. Akisalimiwa na mtu asiyemjua, aliitikia, kisha akajiuliza mtu huyo anataka nini. Mkewe, alipokuwa hai, alizoea kusema kwamba mume wake angedai risiti hata peponi.

Kutwa alikaa katika kibanda chake kando ya soko, akichonga funguo. Nyumbani aliishi na binti yake, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, pamoja na mjukuu wake wa miaka tisa. Mjukuu huyo aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Chiriku aliwahi kugongwa na pikipiki. Mfupa uliunga, lakini mguu wa kushoto ulibaki dhaifu, naye akawa anatembea kwa fimbo. Mtaalamu wa viungo alisema, "Atembee ndani ya maji yanayokwenda. Maji yatambeba, na mkondo utaupa mguu kazi."

Katika mji ule, maji ya namna hiyo yalipatikana mahali pamoja tu, katika bustani ya michezo. Bustani hiyo ilikuwa na bembea, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, na mfereji wa maji uliozunguka pande zote. Watu wengine walielea mferejini juu ya maboya. Chiriku alitembea kinyume cha mkondo, asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Babu yake alijinyima, akamnunulia kadi ya mwaka mzima.

Baada ya miezi mitatu mguu ulianza kutii, na Chiriku akaiacha fimbo. Ndipo ukaja ugonjwa wa mlipuko. Bustani ilifungwa kwa miezi mitano. Mguu ukalegea tena, na fimbo ikarudi mkononi.

Bustani ilipofunguliwa, kadi ilikuwa imebakiwa na miezi minne. Mtaalamu aliupima mguu, akatikisa kichwa.

"Mzee, anahitaji miezi tisa mfululizo. Kwa minne tutarudi hapa hapa."

Fundi hakuwa na uwezo wa kununua kadi ya pili.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua kutoka bustanini. Binti yake aliifungua, uso ukamng'aa.

"Baba, wametukumbuka. Wanasema poleni kwa kufungiwa. Wanatupa zawadi, tiketi sita za kupanda gurudumu kubwa. Tutie sahihi tu hapa chini."

"Leta hapa," alisema fundi. Hakuisoma. Alitazama tu mstari wa sahihi. "Tangu lini zawadi ikatiwa sahihi? Shangazi yako alipokuletea kitenge, ulimwandikia hati?"

"Hii ni kampuni, baba. Wana utaratibu wao."

"Wana lao jambo. Mimi mtego sijibizani nao. Naupita kando."

Aliikunja barua, akaenda nayo kibandani, akaifungia drooni pamoja na kadi. Akajiona ameshinda.

Siku kumi na mbili zikapita. Asubuhi moja alifika jirani yao, mama wa makamo aliyestaafu, kuchongewa ufunguo. Watu walimwita Bi Karani, kwa sababu zamani alikuwa karani katika ofisi iliyopokea malalamiko ya wanunuzi. Chiriku alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo mapajani.

"Mwanangu, mbona umerudia fimbo?" aliuliza Bi Karani.

Chiriku alimweleza yote: mguu, mfereji, miezi mitano, barua iliyofungiwa drooni.

"Habari za nyumbani hazitangazwi sokoni," babu yake alimkemea.

"Babu, huyu ni jirani. Chupi zetu anaziona kwenye kamba kila siku. Barua ndiyo siri?"

Bi Karani alificha kicheko kwa kiganja. "Fundi, nionyeshe hiyo barua."

Fundi alisimamisha mashine. "Nawe utapata nini?"

"Nitapata ufunguo wangu, ukimaliza kunishuku."

Fundi aliinama juu ya droo, akaitoa barua shingo upande. Bi Karani aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Karibu na mwisho kidole kilisimama.

"Uliifikia sehemu hii?"

"Sikuisoma kabisa. Niliijua ni mtego."

"Uliujua, lakini hukujua ulitegwa wapi. Sikiliza." Akasoma kwa sauti. "'Anayepokea zawadi hii anakubali kwamba hana dai lolote kuhusu siku ambazo bustani ilifungwa.'"

Fundi aligonga meza kwa kidole. "Nilisema mimi."

"Subiri, bado mstari mmoja. 'Mwenye kadi asiyejibu ndani ya siku kumi na nne atahesabiwa kuwa amekubali.' Barua hii ina siku ngapi?"

Fundi alianza kuhesabu kwa vidole. Chiriku ndiye aliyejibu. "Kumi na mbili."

"Kwa hiyo nikinyamaza, nimetia sahihi?" aliuliza fundi, sauti imeshuka.

"Wao wanataka iwe hivyo. Kimya cha mtu hakiwi mkataba kwa sababu tu mwenzake ameandika kwamba kiwe. Lakini sheria hutofautiana mahali na mahali, na ubishi hula muda. Mtoto hana muda huo. Kuwashuku hukukosea, fundi. Kosa lako ni kuifungia shaka drooni. Ungesoma hadi mwisho, ukauliza, ukajibu kwa maandishi, ingekufaa. Sasa nipe kadi."

Aliigeuza nyuma. Maandishi yalikuwa madogo kama chenga za mchele.

"Hapa wameandika, 'Haki ya kuingia kwa miezi kumi na miwili.' Na hapa, 'Bustani yaweza kufungwa siku chache kwa matengenezo, bila fidia.' Niambie wewe mwenye macho ya kufuli: miezi mitano ni siku chache?"

"Si siku chache."

"Na ugonjwa ni matengenezo?"

"Si matengenezo." Fundi alikuna kidevu. "Lakini tuwe wakweli, Bi Karani. Ugonjwa hawakuuleta wao."

"Hawakuuleta, na kufunga kulikuwa sawa, kulilinda watu. Hakuna anayewalaumu. Ila asiye na lawama naye huweza kuwa na deni. Ulinunua miezi kumi na miwili. Ukipewa saba, unawadai mitano. Usiwagombeze, wala usiombe zaidi ya haki yako. Omba siku zako zisogezwe mbele."

Jioni ile, mezani pa chakula nyumbani kwa fundi, binti yake aliandika huku Bi Karani akieleza. Barua haikuzidi nusu ukurasa. Ilitaja mwenye kadi na namba ya kadi. Ilisema alichonunua na ambacho hakukipata. Ilikataa zawadi kwa adabu. Iliomba kadi iongezwe miezi mitano, na jibu litolewe kwa maandishi. Waliandika nakala mbili.

"Ya pili ya nini?" aliuliza binti.

"Ya kugongwa mhuri wa kupokelewa," alijibu Bi Karani. "Barua isiyo na ushahidi wa kupokelewa ni sawa na neno lililosemwa kisimani."

Kesho yake fundi alifika bustanini pamoja na Chiriku. Katika dirisha la tiketi alikaa kijana wa kike aliyekuwa akitafuna peremende.

"Iache hapo tu, mzee. Tutaipeleka."

"Igonge mhuri kwanza. Hii nakala yangu."

"Mhuri uko kwa meneja."

"Basi hata meneja hajapotea. Tutamngoja."

"Ana kikao, mzee wangu."

"Mjukuu wangu huyu ana hadithi nyingi. Atakusimulia."

Chiriku alikuwa hajamaliza hadithi ya pili wakati meneja alipoitwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye sura ya kuchoka. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Mzee wangu, sisi pia tuliumia. Tulilipa walinzi. Mitambo tulikuwa tukiitia mafuta kila wiki, hakuna aliyeipanda."

"Pole sana, ndugu yangu. Kibanda changu nami nilikifunga," alisema fundi. "Nilikuwa na kufuli tatu za watu, wamekwisha kunilipa. Nilipofungua, nilizitengeneza zote tatu. Sikuwaambia wenyewe kwamba ugonjwa umekula pesa zao."

Kijana wa dirishani aliacha kutafuna.

"Na wenye kadi wote wakija na barua kama hii?" aliuliza meneja.

"Watakuwa wanadai walichonunua. Mfereji wenu unazunguka, awemo mtoto huyu asiwemo. Mkimnyima, mtaokoa nini? Mkimpa, mwakani mtu atanunua kadi yenu bila kuwaogopa."

Meneja aliutazama mguu wa Chiriku, kisha fimbo, kisha barua. Aliingia ndani, akarudi na mhuri.

"Siahidi kitu," alisema. "Nitaifikisha kwa wakubwa."

"Usiahidi. Andika tarehe."

Siku tisa baadaye jibu lilifika. Fundi alilisoma mara tatu. Mara ya pili aliligeuza nyuma, na mara ya tatu aliliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta nini, baba?" aliuliza binti yake.

"Ubaya."

"Umeupata?"

"Bado," alisema, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Kadi ya Chiriku ilikuwa imeongezwa miezi mitano kamili. Barua ilisema pia kwamba kila mwenye kadi angeongezewa, hata wale waliokwisha kutia sahihi, na kwamba sharti la kimya limefutwa. Wiki iliyofuata tangazo hilo lilibandikwa langoni, kwa herufi kubwa. Fundi alilisoma lote hadi nukta ya mwisho, watu wakimngoja nyuma yake.

Tangu hapo Chiriku aliingia mferejini mara nne kila wiki. Mwezi wa kwanza alishika ukingo. Mwezi wa tatu aliuachia. Katikati ya mwezi wa sita aliuzunguka mfereji mzima kinyume cha mkondo, akiwapita watu wa maboya na kumsimulia kila mmoja habari za mguu wake. Mwezi wa tisa ulipokwisha, mtaalamu alimpima, akaandika katika faili maneno mawili: fimbo iondolewe.

Asubuhi ya Jumatatu Chiriku alitoka kwenda shule, mikono mitupu, mkoba mgongoni. Babu yake alimfuata hatua ishirini nyuma, akijifanya anakwenda sokoni, ingawa soko lilikuwa upande wa pili. Kwenye kona mtoto aligeuka.

"Babu, nakuona."

"Endelea na safari yako," alisema fundi. "Mimi nahakikisha tu."

Chiriku aliendelea, naye fundi akasimama pale pale hadi mtoto alipoingia lango la shule.