Hii Mbili Imetoka Wapi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mimi huokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama. Mama ni fundi wa nguo, na sakafu ya chumba chake cha kazi haijawahi kukaa safi kwa saa nzima. Ninaokota, ninafagia, ninakunywa chai, kisha ninauliza maswali mpaka mama ananifukuza. Darasani wananiita Bi Kwanini. Zamani niliudhika. Siku hizi naitika.

Muhula ule tulikuwa na mwalimu kijana aliyetoka chuo kikuu kufanya mazoezi ya kufundisha. Tulimpenda. Alicheza mpira nasi, na mikono ya shati lake ilijaa chaki hata siku ambazo hakuandika kitu. Lakini Jumatatu moja aliingia darasani uso umemsawijika.

"Sikilizeni jamani," alisema. "Alhamisi mhadhiri wangu anakuja kunipima. Atakaa pale nyuma aone kama mnajifunza. Nikifeli, sipati cheti."

Basi akatupangia. Maswali manane ya kugawanya sehemu, wanafunzi wanane, kila mmoja na jibu lake. Mimi nikapewa la tano: nusu ukigawanya kwa robo, jibu ni mbili.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ukigawanya kitu si kinapungua? Nusu haifiki hata moja. Sasa hii mbili imetoka wapi?"

Darasa zima likaguna.

"Unaipindua sehemu ya pili, namba ya juu inakwenda chini, halafu unazidisha," alijibu.

"Kwa nini tunaipindua?"

"Bi Kwanini, hebu tupite Alhamisi kwanza. Utaelewa baadaye."

Baadaye! Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa baada ya wiki tano, na yeye wakati huo angekuwa amesharudi chuoni. Hiyo baadaye ningeifuata kwa nani? Nilikasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Tukakariri Jumanne, tukakariri Jumatano. Wakati wa mapumziko kiranja wetu alinibana mlangoni.

"Ole wako utuharibie kesho," alisema. "Mwalimu akifeli, hakuna atakayekaa nawe dawati moja."

"Afadhali. Nitapata pa kunyooshea miguu."

Nilijibu kwa jeuri, lakini rohoni niliumia. Hata mimi sikutaka mwalimu wetu afeli. Jioni nikamweleza mama, aliyekuwa akifumua pindo la gauni la jirani.

"Gauni hili lilipendeza kweli lilipokuwa limetundikwa msumarini," mama alisema. "Mwenyewe kulivaa, linambana kwapani. Je, nimwambie anyamaze ili nionekane fundi?"

"Hapana, mama."

"Haya. Kaokote vile vipande."

Alhamisi mhadhiri akaja. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Aliketi kando yangu dawati la nyuma, akafungua fomu zake. Swali la kwanza likajibiwa, na la pili. La tatu, mwenzetu mmoja kwa kiherehere chake akalijibu kabla mwalimu hajamaliza kuliandika ubaoni. Mhadhiri aliacha kuandika.

Likafika la tano. Nikasimama. Kiranja alikuwa amenitolea macho.

"Mbili," nikasema.

"Vizuri sana! Mpigieni mako..."

"Lakini sielewi, Mwalimu. Nimelikariri tu. Nimeuliza tangu Jumatatu, na leo siketi mpaka nijue hii mbili imetoka wapi."

Mtu akasonya. Mwalimu akamtazama mhadhiri, naye mhadhiri akatazama saa yake.

"Umebakiwa na dakika kumi na nane, Mwalimu," alisema. "Mwanafunzi wako amekuuliza."

Mwalimu alifuta ubao wote, akachukua karatasi mezani, akaja hadi kwenye dawati langu.

"Niambie, umekwama wapi hasa?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza hivyo.

"Kugawanya kunapunguza. Hapa kumeongeza."

Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, tukaona robo nne zilizotengwa kwa mikunjo. Akaichana katikati, akanipa kipande kimoja. "Hiyo ni nusu. Humo ndani mna robo ngapi?"

Nilihesabu kwa kidole. "Mbili." Kisha nikapiga kelele bila kukusudia. "Kumbe! Tunauliza robo zinaingia mara ngapi kwenye nusu!"

"Hebu rudia," kiranja akasema. Kumbe naye alikuwa gizani siku zote hizo! Wengine wakaanza kuchana karatasi za madaftari yao, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Mhadhiri akafunga fomu zake. "Sehemu ya kwanza ya somo sikuipa hata alama moja," alimwambia mwalimu mbele yetu. "Hizi dakika za mwisho umefundisha. Nitarudi Alhamisi ijayo nikupime upya. Usiwaandae."

Alirudi kweli. Safari hii kiranja ndiye aliyeuliza kwa nini tunapindua sehemu ya pili, na somo lote likaishia hapo hapo, tukikunja na kuchana. Mwalimu akafaulu. Alipokuja kutuaga, shati lake limejaa chaki kama kawaida, alisimama mbele ya dawati langu.

"Niliwaomba mnifiche," aliliambia darasa. "Mngenificha, ningepata cheti nikiwa sijui kufundisha, nanyi mngeingia kwenye mtihani mikono mitupu. Jibu usiloweza kulieleza bado si lako. Mtu yeyote akikwambia unyamaze ili kazi yake ionekane nzuri, usimkubalie, hata kama unampenda."

Kisha akanipa kipande cha chaki. Kiranja akanisukuma kwa kiwiko, kwani alikuwa amehamia dawati langu tangu Ijumaa.

"Kunja miguu yako," alisema, "nami nikae vizuri."