Asali ya Profesa Keller

Land Rover iliruka tuta, ikatua kwa kishindo, ikazidi kula vumbi la Rungwa. Mbele, Peugeot 404 nyeupe ilikuwa ikiyoyoma kuelekea stesheni ya Itigi.

Redio ikakoroma.

"Nyuki Mmoja, uko wapi?"

"Nyuma yake, mzee."

"Profesa asipande treni. Na yule binti mlete. Umenielewa?"

Mughwai alielewa, na roho ikamuuma. Binti huyo alikuwa Sara, mchumba wake.

Keller hakuwa profesa wala nini. Alikuwa jasusi wa makaburu, akitafuta urani ya mabomu. Aliwaahidi wasomi wetu kazi za uhadhiri na utafiti katika vyuo vikuu vya Ulaya, mradi wamletee mawe ya huko walikochimbachimba. Sara, mtaalamu wa miamba, mtoto wa kijiji cha Ulemo, alikuwa ameomba uhadhiri chuo kikuu cha hapa nyumbani. Akangoja mpaka akachoka. Mfa maji hukamata maji, akamkamata Keller.

Itigi.

Breki.

Mughwai alishuka, bastola ya Walther PPK ndani ya koti, redio ndogo kiunoni. Treni ilikuwa imeshapiga honi, na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa walikuwa wakipakia magunia ya alizeti. Keller alikuwa amekumbatia debe la asali. Sara alisimama kando yake.

"Profesa! Huku kwetu asali haipiti watu bila kuonjwa."

"Hii zawadi. Imefungwa."

Sara akacheka. "Mughwai, hata wewe umekuja kutuaga? Profesa, fungua bwana, waonje. Utaitwa mchoyo!"

Keller akapeleka mkono kiunoni.

Alichelewa. Teke moja la Mughwai, bastola ya Keller ikaruka relini. Debe likaanguka, mfuniko ukafyatuka. Asali ikamwagika, na ndani yake mawe meusi.

Pingu zikalia.

"Mawe yangu!" Sara alimkazia macho Keller. "Si ulisema yana kibali?" Kisha akamgeukia mchumba wake. "Na wewe ni nani?"

"Mtu wa usalama."

"Kazi yangu ya Ulaya?"

"Haikuwepo, Sara."

"Na ya nyumbani? Mbona hawakunijibu?"

Angeweza kudanganya, uongo ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Jamani, safari hii ulimi uligoma.

"Walikukubali tangu mwaka jana. Sisi tulizuia jibu. Keller alikuwa akiwafuata wasiokuwa na kazi, nasi tulitaka chambo."

"Nani aliwatajia jina langu?"

Mughwai akainamisha uso. Sara akavua pete polepole, akamwekea kiganjani.

"Nifunge basi. Si umetumwa?"

Redio ikakoroma tena. "Nyuki Mmoja, taarifa."

"Profesa tunaye, mzee."

"Na binti?"

"Hana kosa. Apewe kazi yake chuoni."

"Siitaki," Sara akasema. "Imepita mikononi mwako."

Mughwai alimkabidhi Keller kwa askari wa stesheni, akawasha sigara ya Sportsman, akatembea taratibu kuelekea garini. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Hakuyafuta, maana Sara angeuona mkono ukipanda.